Video yangu ya taarab ya mradi wa chuo: wapi nimefuata kaida na wapi nimezipinga?

Mwanagenzi wa Ngamiani ameuliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa stashahada ya utayarishaji wa filamu na video. Kwa mradi wa kumalizia masomo nimetengeneza video ya wimbo wa taarab uliotungwa na kikundi kidogo cha vijana wa hapa Tanga, ambao waliniruhusu kwa maandishi kuutumia. Pamoja na video natakiwa kuwasilisha maelezo yanayoonyesha ni kwa namna gani kazi yangu imefuata kaida za utanzu wake na ni wapi imezipinga. Nilipoonyesha toleo la kwanza, jopo la walimu liliniambia sentensi moja tu, kwamba haieleweki kama hii ni video ya taarab au ni video ya bongo fleva iliyovishwa sauti ya taarab, kisha likamwita mwanafunzi mwingine.

Wimbo wenyewe ni fumbo, na ubeti wake wa kwanza unasema:

*Mtungi wangu wa maji, nauweka barazani,*
*Apitaye ni mnywaji, simuulizi ni nani,*
*Leo naona si maji, mchanga umo tumboni.*

Mwimbaji hamtaji mtu hadi mwisho. Beti zinazofuata zinabaki na mtungi huo huo, ambao unaoshwa, unaanikwa juani, unarudishwa barazani, na mwenyewe anakaa nyuma ya dirisha akingoja.

Video ina dakika nne na nusu, ingawa wimbo ukipigwa ukumbini hufika dakika kumi na moja. Nusu ya kwanza nimeipiga ndani ya ukumbi: wapiga ala wameketi safu mbili, fidla na akodiani mbele, kinanda, gitaa na besi nyuma, waitikiaji wamevaa sare, mwimbaji amesimama katikati bila kuhama, na kamera iko juu ya miguu yake mitatu, haitikisiki. Hapo nimeandika kwamba nimefuata kaida. Katika nusu ya pili kamera inatoka nje, tunamwona jirani akipita barazani alfajiri, anainua kifuniko, anatia mchanga mtungini, kisha anageuka na uso wake unajaza fremu nzima. Hapo nimeandika kwamba nimepinga kaida, kwa sababu kanda za taarab nilizokuwa nikizitazama nyumbani utotoni hazikuwa na hadithi ya kuigizwa. Mwishoni tunarudi ukumbini, ambako jirani yule yule anainuka kitini, anacheza taratibu hadi mbele na kumtunza mwimbaji kwa noti. Kipande hicho kina sekunde saba tu, nami nimekihesabu miongoni mwa kaida nilizozifuata, kwa kuwa sijui taarab isiyokuwa na kutunza.

Je, mgawanyo huu ni sahihi? Na kama si sahihi, nimekosea wapi?

Mhariri wa Buguruni amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, nimehariri video za nyimbo kwa miaka tisa, nyingi za bongo fleva na chache za taarab ya kisasa, na kwa kuyasoma maelezo yako tu nadhani naelewa jopo lilichokiona, ingawa lingeweza kukifafanua kwa maneno zaidi ya sentensi moja.

Andrew Goodwin, Mwingereza aliyeandika mwaka 1992 kuhusu video za muziki, alionyesha kwamba picha inaweza kuhusiana na maneno ya wimbo kwa njia tatu: kuyafafanua, kuyakuza kwa kuongeza maana ambayo hayakuwa nayo, au kwenda kinyume nayo. Kipande chako cha mchanga ni ufafanuzi mtupu. Wimbo umesema mchanga umo mtungini, nawe umetuonyesha mchanga ukiingia mtungini. Katika bongo fleva hii ndiyo desturi ya kila siku, kwamba msanii akitaja gari linapita gari, na akitaja machozi kuna msichana analia kwenye kochi. Kwa hiyo pale ulipodhani unapinga kaida, ulichofanya ni kutoka katika kaida za utanzu mmoja na kuingia katika kaida za utanzu mwingine bila kubisha hodi. Mtazamaji anayefika sehemu hiyo haoni kwamba kuna kitu kimevunjwa. Anaona tu kwamba amebadilishiwa chaneli.

Tena, kauli kwamba video za taarab hazina hadithi ya kuigizwa haitasimama mbele ya jopo. Inaweza kuwa kweli kwa kanda ulizozitazama utotoni, lakini video za taarab ya kisasa zimejaa sebule, makochi, mume anayechelewa kurudi na mke mwenza anayechungulia pazia. Nimezihariri mwenyewe.

Jambo la mwisho ni la kazi yangu. Umesema kamera haitikisiki, lakini hukusema unakata wapi. Hesabu mikato ya nusu ya kwanza na ya nusu ya pili. Ikiwa ya kwanza ina mikato sita na ya pili ina arobaini, basi mchanga wala si tatizo lako kubwa, kwa sababu mdundo wa picha ndio uliowaambia walimu kwamba umehama.

Bi Mkubwa wa Vikokotoni amejibu:

Marahaba mwanangu. Mimi si mtu wa kamera. Nimekaa katika safu ya waitikiaji kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Unguja, nimetunza na nimeona watu wakitunza kwa nia njema na kwa nia mbaya, na nitasema kwa upande huo tu.

Nianze na nusu yako ya kwanza, ambayo hakuna aliyeigusa. Unaiita kaida ya taarab, lakini ni kaida ya taarab ipi? Kuketi safu kwa safu, mwimbaji akasimama kwa adabu kama mti, ni urithi wa huku kwetu, uliotoka katika jumba la Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888 na kuvutiwa na muziki wa Misri, ukashika mizizi katika vyama kama Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Huko ndiko ziliko ala kama kanuni, udi na nai, na fidla nyingi zinazopanda na kushuka pamoja. Nyinyi watu wa Tanga mna njia yenu. Black Star na Lucky Star walikuwa vikundi vidogo vyenye gitaa la umeme na besi, na muziki wao ulikuwa mwepesi, wa kuchezeka, hata Mombasa wakauiga. Wewe umechukua kikundi cha Tanga chenye gitaa na besi ukakiketisha kama okestra ya Unguja. Sisemi ni kosa, ila umefanya jambo bila kujua kwamba umelifanya, na ukaliandika katika safu ya kufuata. Kwa jicho langu hapo tayari pana mvutano wa kuandikiwa aya nzima.

Sasa nije kwenye uso wa jirani. Mhariri amesema vyema kwamba picha yako inafafanua maneno, lakini hakusema kwa nini katika taarab jambo hilo linauma zaidi kuliko kwingine. Fumbo ni kinga ya mwimbaji. Akiulizwa, anasema, "Mimi nimeimba mtungi, wewe umejitia wapi?" Na fumbo ni mali ya msikilizaji, kwa sababu kila aliyeketi pale ana mtungi wake na ana mtu wake anayemshuku. Wanawake kumi wanaweza kuinuka kuutunza ubeti mmoja, kila mmoja kwa sababu yake, na wote wakawa na haki. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, sauti yake ilirudi ikaingia katika nyumba za watu bila sura ya yeyote anayesemwa, na kila nyumba ikaweka sura yake. Wewe umeweka sura moja, ukawanyang'anya wengine tisa wimbo wao. Baada ya fremu ile, wimbo unamhusu yule mwigizaji wako na hauna kazi tena kwa mtu mwingine.

Lakini zile sekunde saba, mwanangu! Hizo umezipita kama mtu anayepita juu ya pete iliyoanguka mchangani. Unasema umefuata kaida kwa sababu kuna kutunza. Kutunza kwa kawaida hufanywa na aliyeumizwa, au na anayetaka kumwonyesha mwenziwe kwamba ubeti huu ni wake yeye. Anapita karibu na kiti cha hasimu, anazungusha noti hewani, na ukumbi mzima unafuata macho yake yanakotua. Wewe umemwinua mkosaji mwenyewe akamtunze mwimbaji. Jambo hilo nimeliona likitendeka, kwa sababu mwanamke anayejua kwamba anasemwa anaweza kuinuka wa kwanza ili ionekane kwamba halikumgusa, lakini sijapata kuliona katika video. Hapo umechukua tendo ambalo kila mtu wa pwani analijua, hukubadilisha hata hatua moja ya mchezo wake, ukaligeuza maana kwa kubadilisha mtu tu. Kama unatafuta mahali ulipopinga kaida, ni hapo.

Ondoa uso barazani. Mtazamaji akiona mwanamke anainuka mwisho wa wimbo akiwa mtulivu kupita kiasi, atajiuliza mwenyewe.

Abu Tashkota, Mombasa, amejibu:

Nakubaliana na Bi Mkubwa kuhusu zile sekunde saba, lakini kuhusu fumbo naona amelisemea taarab asilia peke yake. Katika miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana vijembe huko Dar es Salaam, hakukuwa na haja ya kuuliza anayesemwa ni nani, kwani watu walilipa kiingilio kwa sababu walijua. Rusha roho na mipasho ni taarab vilevile, na huko kumfichua mtu hakuvunji kitu. Kwa hiyo Mwanagenzi aamue kwanza yuko chini ya paa la nani, ndipo tumwambie amevunja ukuta upi.

Pia nina shaka na pendekezo la kuuondoa uso kabisa. Sisi tuliokulia katika harusi za pwani tutaelewa kwa nini mkosaji anatunza, lakini kijana wa bara ataona mwanamke mmoja akimpa mwingine pesa, basi. Lazima ibaki alama. Weka chembe za mchanga kwenye vidole vyake anapotoa noti, na uzipige kwa picha ya karibu sana.

Nyongeza moja nje ya swali: huku kwetu harusi nyingi za wanawake haziruhusu kupigwa picha, kwa hiyo kamera ndani ya ukumbi wa taarab si shahidi asiye na upande. Umefikiria kamera yako ni macho ya nani?

Bi Mkubwa wa Vikokotoni amejibu:

Abu, mchanga kwenye vidole ni jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Utakuwa umemwondoa mlangoni ukamrudisha dirishani. Kuhusu kamera umesema kweli, nami sikulifikiria.

Mwalimu wa Fani amejibu:

Nimefundisha na kusahihisha maelezo ya namna hii kwa muda mrefu, ingawa si katika chuo chako, na nadhani mjadala huu umeshafika mahali ambapo kosa la msingi linaonekana. Mwanagenzi ameigawa video yake vipande, akakipa kila kipande hukumu moja: hiki kimefuata, hiki kimepinga, hiki kimefuata. Wanafunzi wengi hufanya hivyo kwa sababu swali lenyewe linawavuta huko.

Mtaalamu wa filamu Steve Neale, alipoandika kuhusu tanzu za filamu mwaka 1980, alisisitiza kwamba utanzu huishi kwa kurudia na kwa kutofautiana kwa wakati mmoja. Tofauti haiwezi kuonekana pasipokuwa na kilichorudiwa. Ndiyo sababu kipande cha kutunza kina nguvu na kipande cha mchanga hakina. Katika kutunza, mwendo, mchezo, noti, mwimbaji asiyekatiza wimbo, vyote vimerudiwa kama vilivyo, na kwa hiyo badiliko moja tu, la nani anayetunza, linaonekana waziwazi kwa yeyote anayeijua desturi. Katika kipande cha mchanga hakuna hata kaida moja ya taarab iliyobaki ndani ya fremu ili ipate kupingwa.

Kwa hiyo ningekushauri uyaandike maelezo yako kuanzia kwenye kipande hicho kimoja, ukikieleza kwa undani hata kama kitakula nusu ya kurasa ulizopewa, na mengine uyaseme kwa kadiri yanavyokihusu. Swali la Abu, uko chini ya paa la nani, lijibu mapema na bila kuona haya: umechanganya mkao wa Unguja, ala za Tanga na hadithi ya kuigizwa ya taarab ya kisasa, na mchanganyiko huo ni uamuzi unaoweza kutetewa ikiwa utaonyesha kwamba unajua kila kitu kimetoka wapi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja. Umepunguza wimbo wa dakika kumi na moja hadi nne na nusu. Urefu wa taarab una kazi yake, kwa sababu kiitikio hurudiwa na ala hupewa nafasi ili watu wapate muda wa kuinuka, kucheza hadi mbele, kutunza na kurudi. Ulipokata kwa kipimo cha televisheni, ulikata muda wa kutunza, na huenda ndiyo maana kipande chako bora kina sekunde saba. Hiyo nayo ni kaida uliyoifuata, ila ni ya chombo cha habari wala si ya utanzu wako, na jopo lolote makini litafurahi ukiitofautisha.

Mwanagenzi wa Ngamiani ameandika:

Nawashukuru wote. Nimekaa siku nne bila kujibu kwa sababu nilirudi kwenye mashine ya kuhariri.

Mhariri, nimehesabu. Nusu ya kwanza ina mikato tisa, nusu ya pili ina thelathini na minne. Sikuwa na la kujitetea.

Bi Mkubwa, uso nimeuondoa. Nilijaribu kwanza ushauri wa Abu wa mchanga vidoleni, na kweli ulipendeza kama picha, lakini mama yangu alipotazama alisema papo hapo, "Ah, kumbe huyu," akaenda jikoni kabla wimbo haujaisha. Nikajua kwamba Bi Mkubwa alikuwa sahihi.

Njia niliyoiona imetoka kwenye kitu nilichokuwa nacho tangu mwanzo bila kukifikiria. Waitikiaji na wageni wote wa ukumbini wamevaa sare ya kanga moja, kama ilivyo kwenye shughuli zetu. Nimeipiga upya ile alfajiri kwa kamera isiyosogea, iliyowekwa ndani ya nyumba nyuma ya dirisha, mahali ambapo wimbo unasema mwenye mtungi anakaa, na hilo ndilo jibu langu kwa Abu kuhusu macho ya nani. Kinachoonekana ni mkono unaoinua kifuniko na pindo la kanga ile ya sare, basi. Baadaye, ukumbini, wanawake kumi na wanane wamevaa pindo hilo, akiwemo mwimbaji mwenyewe. Mchanga wenyewe hauonekani, unasikika tu ukimiminika kabla ya fidla kuingia.

Kipande cha kutunza nimekirefusha kutoka sekunde saba hadi arobaini na mbili kwa kurudisha kiitikio kimoja nilichokuwa nimekikata, na hakina mkato hata mmoja. Video sasa ina dakika tano na sekunde kumi na nne, imepita kidogo kikomo nilichopewa, nami nitaeleza sababu katika maelezo yangu. Kitu kimoja hakijanikalia sawa: mwigizaji wangu anapofika mbele anamtazama mwimbaji usoni, na inaonekana kama anaomba radhi.

Bi Mkubwa wa Vikokotoni amejibu:

Mwambie asimtazame mwimbaji kabisa. Noti aitoe huku amegeuza shingo, akitabasamu kuelekea viti vya nyuma, na wewe usituonyeshe nani aliyeketi huko.